Tiba bandia kwenye majaribio ya kairopraktiki: nani aliwauliza washiriki waliamini nini?

Mleta uzi

Wakuu, salamu.

Nimekuwa nikisoma ripoti za majaribio ya kairopraktiki, ile tiba ya mikono ambapo mtabibu anasukuma pingili za uti wa mgongo kwa msukumo mfupi na wa haraka, mara nyingine hadi kiungo kinaalika. Ripoti nyingi zina sentensi inayofanana: kundi moja lilipata tiba halisi, lingine likapata tiba bandia (ya kuigiza), na washiriki hawakujua wako kundi gani. Sehemu ya mwisho ya sentensi hiyo hainipi amani. Hawakujua kwa ushahidi gani? Kuna aliyewauliza?

Msimamo wangu nauweka mapema ili anayetaka kuupinga aupinge: tiba bandia ni kifaa cha kupimia, na kifaa cha kupimia hukaguliwa kabla ya kutumika. Jaribio la tiba ya mikono ambalo halikuwauliza washiriki waliamini wamepata nini limetuachia pengo mahali tunapohitaji jibu kuliko pote.

Kwenye vidonge kazi inaonekana rahisi. Tengeneza kidonge kinachofanana rangi, ukubwa na ladha, kisha gawa kwa bahati nasibu. Lakini hata huko mambo huharibika. Mwaka 1975 yalichapishwa matokeo ya jaribio la vitamini C dhidi ya mafua, lililofanywa kwa wafanyakazi wa taasisi za taifa za afya za Marekani. Kundi la kulinganisha lilipewa sukari ya maziwa kwenye kapsuli. Baadhi ya washiriki wakafungua kapsuli wakaonja, na ladha ikawaambia wamepewa nini. Watafiti walipochambua upya, nafuu ndogo iliyokuwa imeonekana ilikuwa kwa wale waliojua au waliobahatisha vyema wanameza nini. Kwa wale ambao siri yao ilibaki siri, tofauti haikuonekana. Kilichowaokoa watafiti hao wasitangaze jambo lisilokuwepo ni kwamba waliuliza.

Sasa njoo kwenye mgongo. Mshiriki anaguswa, anageuzwa, anasukumwa, anasikia mlio au hausikii. Anayemtibu anajua vizuri kama anatoa tiba halisi au ya kuigiza, na hakuna namna ya kumficha, kwa sababu mikono ni yake. Halafu kipimo kikuu cha jaribio ni swali "maumivu yako leo ni mangapi, kuanzia 0 hadi 10?" Anayejibu ni yule yule aliyetibiwa. Unaweza kuajiri mkusanya takwimu asiyejua chochote, ukamweka chumba kingine kabisa, lakini mpimaji wa kweli wa maumivu ni mgonjwa mwenyewe. Akishajua yuko kundi gani, mpimaji wako mkuu ameshajua.

Mchangiaji wa 1

Asante kwa uzi mkuu. Swali la asiye mtaalamu: wazo la kumficha mgonjwa lilianzia wapi? Nilidhani ni jambo la kiwanda cha dawa.

Mleta uzi

Ndugu, ni la zamani kuliko kairopraktiki yenyewe, na lilianza kwenye tiba za mikono na vifaa, si kwenye vidonge.

Mwaka 1784 mfalme Louis XVI wa Ufaransa aliunda tume ya kuchunguza "sumaku ya wanyama", tiba iliyoenezwa na Franz Mesmer, aliyedai kuna nguvu isiyoonekana inayoweza kuelekezwa kwa mtu au kitu ili iponye. Kwenye tume walikuwemo Benjamin Franklin na mkemia Antoine Lavoisier. Walifanya jambo ambalo bado linanifurahisha kila nikilisoma: waliwafunga watu vitambaa machoni. Kwenye bustani ya Franklin pale Passy, mvulana wa miaka 12 aliongozwa mti kwa mti. Mti mmoja tu ndio uliokuwa "umetiwa nguvu". Alianza kutoka jasho na kulalamika kichwa kuuma, na kwenye mti wa nne akazimia. Mti wenyewe uliokusudiwa ulikuwa mbali, hajaufikia. Tume ikaona kwamba imani pasipo sumaku inaangusha mtu, na sumaku pasipo imani haifanyi kitu.

Mwaka 1799 daktari John Haygarth wa mji wa Bath, Uingereza, alikwenda hatua moja mbele. Wakati huo kulikuwa na vijiti vya chuma vya Elisha Perkins, vilivyouzwa kwa bei kubwa kama dawa ya maumivu. Haygarth alichonga vya mti, akavipaka rangi vifanane na chuma, akavitumia kwa wagonjwa 5. Wanne walisema wamepata nafuu. Kesho yake akatumia vya chuma, matokeo yakawa yale yale.

Kairopraktiki ilianza miaka karibu mia baadaye, 1895, kwa Daniel David Palmer kule Davenport, Iowa. Kwa hiyo chombo cha kuichunguza kilikuwa tayari duniani ilipozaliwa. Kilichochelewa ni kukitumia ipasavyo kwa tiba ambayo mgonjwa anaihisi mwilini.

Mchangiaji wa 2 (mtaalamu wa viungo)

Mimi natibu kwa mikono kila siku, si kairopraktiki lakini ni majirani. Niseme ukweli wa chumbani.

Ukinipa kazi ya kutoa tiba bandia nitakuwa na shida mbili zinazovutana. Nikimgusa mgonjwa kidogo mno, atashangaa: "Ndiyo hiyo tu?" Hasa kama aliwahi kutibiwa hivyo zamani, au ameangalia video mtandaoni, anajua inavyopaswa kuwa. Anasubiri ule mlio. Nikimgusa vya kutosha mpaka aamini, basi huenda nimemtibu. Kukanda misuli, kuzungusha kiungo taratibu, hata kumlaza mtu na kumshika kwa utulivu kunatuliza maumivu. Hapo nimelinganisha tiba na tiba, halafu mtu anaandika "hakuna tofauti na tiba bandia".

Kwa hiyo nyie watu wa takwimu mnaposema "wekeni kundi la tiba bandia", jueni mnatuomba kitu kigumu sana.

Mleta uzi

Dada, au kaka, umeeleza kiini cha uzi wote. Tiba bandia ya mikono inaweza kuharibika pande mbili. Isipoaminika, tiba halisi inapewa sifa isiyostahili, maana kundi la pili limekata tamaa mapema. Ikiwa na nguvu ya kutibu, tiba halisi inanyimwa sifa yake. Na ripoti iliyoandikwa juujuu haikuambii imeharibika upande gani.

Mfano wa upande wa pili: mwaka 1998 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Kanada la kairopraktiki kwa watoto wenye pumu. Watoto 91, wa miaka 7 hadi 16. Kundi la bandia lilikandwa misuli taratibu na kupewa misukumo hafifu, ya polepole. Makundi yote mawili yakaeleza dalili kupungua na kutumia dawa ya kuvuta mara chache zaidi, bila tofauti ya maana kati yao. Vipimo vya pumzi vilibadilika kidogo tu pande zote. Watafiti walihitimisha kwamba kairopraktiki haikuongeza faida. Watetezi wa kairopraktiki wakajibu: kundi la bandia nalo lilitibiwa! Mabishano hayo hayawezi kumalizwa kwa kelele. Yangepungua kama kungekuwa na kundi la tatu, lisiloguswa kabisa.

Na hilo kundi la tatu limewahi kufanyika. Norwei, hospitali ya chuo kikuu cha Akershus, Aleksander Chaibi na wenzake walifanya jaribio la kairopraktiki kwa wagonjwa wa kipandauso. Washiriki 104, makundi matatu: tiba halisi, tiba bandia, na wale walioendelea na dawa zao za kawaida. Vikao 12 ndani ya wiki 12. Tiba bandia yao ilifikiriwa vizuri: msukumo ulitolewa kweli, lakini kwenye ukingo wa mfupa wa bega kwa nyuma au sehemu ya matako, kwa mwelekeo usiolenga kiungo cha uti wa mgongo. Mshiriki anasukumwa, anahisi nguvu, lakini pingili haikuguswa inavyotakiwa.

Kisha wakafanya ninachokililia hapa. Baada ya kila kikao, vikao vyote 12, waliuliza: unaamini umepata tiba ya kairopraktiki? Zaidi ya 80% wakasema ndiyo, bila kujali kundi. Sehemu hiyo peke yake ilichapishwa mwaka 2015, kabla ya matokeo ya tiba. Matokeo yenyewe yalitoka 2017: siku za kipandauso zilipungua makundi yote. Kwa tiba halisi na tiba bandia nafuu iliendelea, kwa kundi la dawa za kawaida hali ikarudi ilikoanzia, lakini tofauti ya makundi haikutosha kitakwimu kwenye kipimo kikuu. Watafiti wenyewe, mmoja wao akiwa ndiye mtabibu wa kairopraktiki, wakaandika kwamba athari waliyoiona huenda inatokana na mwitikio wa plasebo, yaani nafuu inayoletwa na kuamini kwamba umetibiwa. Nawaheshimu kwa sentensi hiyo.

Mchangiaji wa 3 (takwimu)

Niongeze hapa, maana hiyo 80% inaweza kupotosha mtu.

Kuna kipimo kinachoitwa fahirisi ya Bang, kilitoka 2004. Unakihesabu kila kundi peke yake: chukua waliobahatisha sahihi, toa waliokosea, gawa kwa wote wa kundi hilo wakiwemo waliosema "sijui". Jibu linakaa kati ya -1 na 1. Sifuri maana yake wanabahatisha tu. Moja maana yake wote wamejua. Hasi moja maana yake wote wanaamini kinyume cha ukweli.

Chukua mfano wa kubuni. Kila kundi watu 100, na kila kundi 80 wanasema wamepata tiba halisi, 20 wanasema bandia. Kundi la tiba halisi: 80 sahihi, 20 wamekosea, fahirisi ni 0.6. Kundi la bandia: 20 sahihi, 80 wamekosea, fahirisi ni -0.6. Ukiangalia kundi la kwanza tu utasema siri imevuja. Ukiangalia yote mawili unaona imani ni sawa kila upande, na hicho ndicho tunachokitaka kwa tiba ya mikono: pande zote ziamini kwa kiwango kimoja.

Sasa badilisha: kundi la bandia 80 wanasema "nimepata bandia". Fahirisi 0.6 na 0.6. Hapo jaribio limevunjika, hata kama ripoti imeandika kwamba washiriki walifichwa.

Ndiyo maana kutoa namba moja kwa makundi yote kwa pamoja, kama ilivyo fahirisi ya zamani ya James ya 1996, hakutoshi. Inameza habari hii.

Mchangiaji wa 4

Naheshimu hoja lakini nina pingamizi. Mwongozo wa CONSORT wa kuripoti majaribio, toleo la 2001, ulikuwa unataka watafiti waripoti kama ufichaji ulifanikiwa. Toleo la 2010 likaondoa kipengele hicho. Kama waandishi wa mwongozo wenyewe waliona haina maana, kwa nini tuking'ang'anie?

Tena kuna uchambuzi mkubwa wa 2020 kwenye BMJ, jarida la tiba la Uingereza, unaitwa MetaBLIND, ulikusanya chambuzi 142. Kwa wastani haukuona kwamba majaribio yasiyo na ufichaji yanatia chumvi. Labda tunahangaika na jambo dogo.

Mleta uzi

Mkuu, pingamizi zote mbili ni nzito, nitazijibu moja moja.

La CONSORT. Sababu ya kuondoa ilikuwa ya msingi na aliyeisisitiza zaidi ni David Sackett, mmoja wa waasisi wa tiba inayotegemea ushahidi: ukimuuliza mshiriki mwisho wa jaribio, jibu lake linachanganya mambo mawili. Aliyepona anasema "nilipata dawa halisi" kwa sababu amepona, wala hakuna siri iliyovuja. Tiba inayofanya kazi vizuri itaonekana kana kwamba ufichaji wake umeshindwa. Nakubali kabisa. Lakini ukiisoma hoja hiyo kwa makini, inapinga wakati wa kuuliza. Uliza mara baada ya kikao cha kwanza, mgonjwa bado hajapata nafuu wala hajaikosa. Hapo anachokujibu kinatokana na alichokiona na kukihisi mezani. Uliza pia sababu: "nini kimekufanya uamini hivyo?" Anayejibu "maumivu yamepungua" ni tofauti na anayejibu "sikusikia mlio" au "mtabibu alionekana hana uhakika". Wa pili na wa tatu wamekuonyesha tundu la kuziba.

La MetaBLIND. Mimi sijifichi nyuma ya tafiti zinazonipendeza tu. Kwa ufichaji wa wagonjwa kwenye vipimo wanavyojieleza wenyewe, walipata uwiano wa 0.91 (chini ya 1 maana yake majaribio yasiyo na ufichaji yanatia chumvi), lakini masafa ya uwezekano yakaanzia 0.61 hadi 1.34. Masafa hayo ni mapana sana: yanaruhusu chumvi nyingi, na yanaruhusu hakuna chumvi kabisa. Tena kipimo kilikuwa kama jaribio *limetajwa* kuwa na ufichaji. Kama majaribio mengi yanayoitwa ya siri, siri yake ilivuja, basi tumelinganisha yasiyo na pazia na yenye pazia lililotoboka, na tofauti ikikosekana isitushangaze.

Mchangiaji wa 2 (mtaalamu wa viungo)

Na mimi mtabibu je? Hata mkimficha mgonjwa, uso wangu unasema. Nikijua natoa bandia, nitazungumza kwa mkato bila kukusudia.

Mleta uzi

Kweli kabisa, na uzito wa jambo hilo umepimwa. Mwaka 2008 Ted Kaptchuk na wenzake walichapisha jaribio la wagonjwa 262 wenye ugonjwa wa utumbo unaosumbua kwa muda mrefu. Kundi moja lilisubiri tu kwenye orodha. La pili lilipewa akupancha (tiba ya kuchoma sindano) bandia na mtoa huduma asiyeongea sana. La tatu lilipewa akupancha bandia ile ile, lakini na mtu anayesikiliza, anayeonyesha kujali na kutia moyo. Waliosema wamepata nafuu ya kutosha walikuwa 28%, 44% na 62%. Sindano hazikuwa halisi upande wowote. Kilichoongezeka kutoka kundi la pili hadi la tatu ni utu wa mtoa huduma.

Basi mtabibu asipoweza kufichwa, afundishwe. Maneno yaandikwe, yawe yale yale pande zote. Muda wa kikao uwe sawa. Uchunguzi wa mwili ufanyike kwa wote. Mazoezi ya kutoa tiba bandia yafanyike kwa bidii ile ile ya kujifunza tiba halisi, mbele ya mtu anayekagua, kabla mgonjwa wa kwanza hajaingia. Mshiriki aulizwe pia alimwonaje mtabibu. Hii kazi wengi wanairuka kwa sababu haina utukufu, nami naona ndiyo inayotenganisha jaribio zuri na la kubahatisha.

Kuna wanaokwepa mikono kabisa kwenye kundi la bandia na kutumia mashine iliyozimwa. Jaribio la Marekani la 2020 kwa vijana 162 wenye maumivu ya kiuno ya muda mrefu lilitumia leza bandia, na halikuona tofauti kati yake na tiba za uti wa mgongo. Faida yake ni kwamba leza isiyofanya kazi haitibu. Hasara ni kwamba tiba hizo hazifanani hata kidogo, kwa hiyo lazima uhakikishe mshiriki anaziamini zote mbili sawasawa, na tunarudi pale pale: muulize.

Mchangiaji wa 5

Naomba kuuliza kama mgonjwa. Mgongo umenitesa miaka. Nimekwenda kunyooshwa, nimepata nafuu. Nikisoma uzi huu naona kama mnaniambia nafuu yangu ni ya uongo.

Mleta uzi

Hapana ndugu yangu, na nashukuru umeuliza. Maumivu yako ni ya kweli na nafuu yako ni ya kweli. Jaribio haliulizi kama ulipata nafuu. Linauliza nafuu ilitoka wapi: kwenye msukumo wa pingili, kwenye kuguswa na kusikilizwa, au kwenye mwendo wa kawaida wa maumivu ya mgongo, ambayo hupanda na kushuka, na watu wengi huenda kutibiwa yakiwa yamepanda. Ukijua chanzo unaweza kuchagua. Kama msukumo hauongezi kitu kwa shingo, kwa nini ubebe hatari yake, hata kama ni ndogo? Na kama unaongeza, una haki ya kuambiwa kwa ushahidi usiotikisika.

Kwa sasa, uchambuzi wa Rubinstein na wenzake wa 2019, wenye majaribio 47 na washiriki 9,211, uliona kwamba kwa maumivu ya kiuno ya muda mrefu tiba hii inafanya kazi karibu sawa na tiba nyingine zinazopendekezwa. Hiyo si habari mbaya kwako. Palipo dhaifu ni pale inapolinganishwa na tiba bandia, kwa sababu ubora wa ushahidi huo uko chini. Madhumuni ya uzi huu ni hapo tu.

Mchangiaji wa 6

Je, kimaadili inakubalika kumdanganya mgonjwa kwa siku zote hizo?

Mleta uzi

Kudanganya hakukubaliki. Kuficha kwa ridhaa kunakubalika. Kwenye fomu ya ridhaa mshiriki anaambiwa wazi: kuna makundi mawili, moja litapata tiba inayofikiriwa kufanya kazi, lingine tiba ya kuigiza, na hutajua uko wapi mpaka mwisho. Akikubali, amekubali siri hiyo. Mwisho wa jaribio anaambiwa ukweli wote, na kwa maoni yangu kundi la bandia lipewe nafasi ya tiba halisi likitaka.

Ugumu ni kwamba ukishamwambia hivyo, anaanza kutafuta ishara. Ndiyo maana baadhi ya watafiti huandika tu "tunalinganisha tiba mbili za mikono". Mimi sipendi maneno hayo kama tiba moja imeundwa makusudi isifanye kazi. Kamati ya maadili ikiyaruhusu, iwe kwa sababu iliyoandikwa.

Mchangiaji wa 3 (takwimu)

Kwa mtu anayeandaa jaribio, mkuu, ungependekeza swali liandikwe vipi? Nimeona mengine yana chaguo mbili tu, na yanamlazimisha mtu.

Mleta uzi

Chaguo "sijui" liwepo, na kiwango cha uhakika kiwepo. Mimi ningeandika hivi, aulizwe na mtu ambaye hakuwepo chumbani, ndani ya dakika chache baada ya kikao cha kwanza:

"Unadhani leo umepata tiba gani? Nina hakika ni tiba halisi / Nadhani ni tiba halisi / Sijui / Nadhani ni tiba ya kuigiza / Nina hakika ni tiba ya kuigiza. Nini kimekufanya udhani hivyo?"

Kisha swali moja la ziada, lenye 0 hadi 10: "Unatarajia tiba uliyopata leo itakusaidia kiasi gani?" Hilo la matarajio nisingeliacha kamwe. Mtu anaweza kusema "sijui" kwenye swali la kwanza, na bado matarajio yake yakawa yameanguka.

Swali lile lile lirudiwe katikati ya jaribio na mwisho, majibu ya kila kundi yachapishwe kwenye jedwali kama yalivyo, watu wangapi kila chaguo, ili msomaji apige hesabu mwenyewe. Na kabla ya haya yote, lifanyike jaribio dogo la awali la kupima tiba bandia peke yake, kwa watu waliowahi kutibiwa hivyo na wasiowahi, kila kundi lihesabiwe mbali. Waliowahi ndio watakaokuonyesha palipo na tundu.